Kabla Hujashuka Kahe

Aika mwanangu,

Umekwenda Moshi mjini na baba yako mdogo kununua godoro, nami nimekaa hapa barazani na kalamu yako nyekundu ya kusahihishia madaftari, maana nyingine sikuiona. Usidhani nakusahihisha. Nimeona niandike kwa sababu jana nilipojaribu kusema ulinikumbatia nikashindwa kuendelea, na kesho asubuhi, gari likiwa linaunguruma getini, sitaweza pia.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala ulale ndani ya chandarua. Wewe ni mtu mzima sasa, mwalimu wa watoto wa watu, na hayo utayaona mwenyewe. Ninachotaka kukuambia ni habari za baba yako. Unakwenda kuishi mahali alipouawa, na watu wa Kahe watakueleza kabla hujamaliza kupanga vyombo. Watasema, kumbe wewe ndiye binti wa yule Evarist wa Kilema, kisha wataanza na namna alivyokufa. Mimi sitaki uanze kumjua baba yako kwa kifo chake. Ulikuwa darasa la kwanza alipotutoka, na najua unachokumbuka ni mabega yake na harufu ya moshi kwenye koti. Kuhusu siku ile tulikuambia tu kwamba alipigwa na watu wabaya. Hawakuwa watu wabaya, Aika. Sentensi hiyo imenichukua miaka yote hii.

Baba yako alikuwa mtu wa nje. Nyumba hii aliijenga mwenyewe, imara, halafu akaiona kama ghala la kuwekea mke na magunia ya kahawa. Kiangazi kikianza alichukua mkeka akaenda kulala kwenye migomba, na asubuhi aliingia jikoni na umande kichwani akilalamika kwamba kuna mgomba unakoroma. Aliwaamkia ng'ombe shikamoo. Nilipomuuliza sababu alisema yule mwekundu ana uzazi mwingi kuliko mama mkwe wake, na heshima ni heshima. Jumapili baada ya misa, wenzake walipokwenda kilabuni, yeye alikunywa mbege kidogo ili wasimseme, kisha akatuchukua mimi na wewe kupanda hadi ukingo wa msitu, wewe ukiwa mabegani. Huko alitaka tukae tu. Tusikilize. Mimi nilikuwa nikifikiria nguo za kufua, naye ananionyesha ndege mwenye mabawa mekundu kama vile ndiye aliyemtengeneza.

Alipokuja kwetu kunichumbia alileta mbuzi wa posa, na yule mbuzi akakatika kamba akaenda moja kwa moja kula kofia ya babu yako iliyokuwa kwenye kigoda. Wazee wote walimgeukia babu yako. Babu yako alikuwa mkali, watu walikuwa wakivuka barabara wasipishane naye. Evarist akainama kwa adabu, akasema, "Baba, huyu ameshakuwa wa hapa. Anakula bila kukaribishwa." Babu yako akacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa sijawahi kumsikia baba yangu akicheka, na nilikubali kuolewa papo hapo, kabla hawajaniuliza.

Maana mimi, mwanangu, nililelewa kwa fimbo. Kwetu ukivunja kikombe ulipigwa, ukilia kwa kupigwa ulipigwa tena. Nilikuja katika nyumba hii na mkono mwepesi. Huenda umesahau siku ulipomwaga debe la maziwa yaliyokuwa yanakwenda kiwandani. Nilikushika, nikanyanyua mwiko wa mtori, na Mungu anisamehe, sikuwa nikilenga mahali. Baba yako akaingia, hakunishika mkono wala hakusema acha. Alijilaza kifudifudi sakafuni juu yako, ndani ya maziwa yale, akakufunika, akasema, "Anza na huyu mkubwa, ana nyama." Nilisimama na mwiko wangu hewani kama mwendawazimu. Nikamtandika kweli, mara moja, kwa hasira ya kuchekwa. Akasema asante. Na wewe chini yake ulikuwa umeshaanza kucheka.

Nilimwona kuwa ni mtu mwepesi. Kwa muda mrefu nilidhani mtu anayecheka namna ile hajui dunia ilivyo. Nilimwambia hivyo hata mwaka ule nyati alipomkuta msituni. Alikuwa amepanda na Prosper, mdogo wake, kutafuta mzinga wa nyuki uliokuwa umeanguka, na nyati dume akatoka kwenye mianzi bila sauti. Prosper alipanda mti. Baba yako alirushwa juu, akaangukia mgongo, na pembe ikamwingia pajani ikatoka upande wa pili. Nyati akarudi kumkanyaga, akamvunja mbavu, akamsukuma kwa paji la uso mpaka kwenye korongo, na korongo ndilo lililomwokoa. Walimteremsha kwenye machela ya mianzi, damu inachuruzika njia nzima, watu wanalia, naye anawaomba wasimchekeshe kwa sababu mbavu zinauma. Daktari alipomuuliza imekuwaje, alisema nyati alimuuliza njia ya Marangu akamwelekeza vibaya.

Nilimfokea pale pale kitandani. Nilimwambia ana mke na mtoto, siyo kila kitu ni mchezo. Akaniambia kwa sauti ya chini, jambo la nadra kwake, kwamba aliogopa mpaka akajikojolea. Akasema, "Mama Aika, woga ninao kama wewe. Ila nikiuonyesha unakua." Hiyo ndiyo mara pekee aliyonieleza. Nilipaswa kumsikiliza vizuri zaidi.

Sasa Kahe. Kihamba chetu hiki ni kidogo, unakijua, kahawa na migomba imejaa mpaka ukutani. Mahindi na maharage tulilima kule chini, kwenye shamba alilotuachia babu yako mzaa baba. Watu wengi wa huku juu wanaiona Kahe kama adhabu, joto na vumbi. Baba yako aliipenda. Aliposhuka tu alivua viatu. Alijua chemchemi zote, alivua kambale na perege, akawachoma kwenye kijiti kando ya mfereji na kuwaita wapita njia. Rafiki yake mkubwa kule alikuwa jirani yetu wa shamba, Gasper. Nataka ulielewe hili jina vizuri. Gasper hakuwa mtu wa ugomvi. Alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye kujenga matuta yaliyonyooka kama kamba. Walivua pamoja. Mke wake, Mama Neema, hakuniacha hata siku moja nipande gari kurudi Kilema bila fungu la mboga kwapani.

Mwaka ule mvua haikuja, na maji ya mfereji yakawa ya zamu. Watu walishapigana kwa majembe kwa ajili ya zamu hizo. Mtu mmoja alikatwa vidole. Gasper aliuza ng'ombe wake akanunua pampu ya kuvuta maji kutoka mtoni. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, yale masiku ambayo yakikosa maji ndiyo basi. Pampu ikaibiwa.

Wewe tulikuacha huku juu na bibi yako siku hiyo. Tulikuwa tumemaliza kupalilia, jua liko utosini, tumekaa kwenye tuta tunakula ndizi na samaki, tukasikia kelele upande wa kalavati. Kelele ya mwizi haifanani na kelele nyingine. Siyo ya kuomba msaada, ni ya watu wanaoitana kwenye kazi. Tukaona vumbi, watu wanatoka mashambani wanakimbia, wengine hata hawajui wanakimbilia nini, wamebeba tu walichokuwa nacho mkononi.

Baba yako akasimama. Nikamshika shati. Nikamwambia kesi hii siyo yetu, tuko ugenini, tule twende zetu. Akanitazama akasema, "Nikikaa hapa, samaki huyu nitammezaje?" Akajinasua, shati likachanika begani, akaenda. Nami nikaenda nyuma yake. Nilikuwa na jembe mkononi, kwa sababu nilikuwa nalo tu.

Walikuwa wamemkamata mtu mmoja anaitwa Zakaria, kibarua wa kuzunguka mashambani. Walikuwa wamemfunga mikono kwa waya. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa, meno ya mbele hayapo, na mtu alikuwa akimpiga nyayoni kwa mpira wa baiskeli bila hata kumtazama, kama anayepura maharage. Kulikuwa na tairi. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama na dumu la petroli, amelifungua, harufu imejaa pale mpaka macho yanawasha. Gasper alikuwa katikati, ameshika nondo, anauliza swali moja hilo hilo, pampu yangu iko wapi, na Zakaria hakuwa na mdomo wa kujibu.

Baba yako alipenya katikati akiwasalimia watu kwa majina. Shikamoo mzee, habari za huko, samahani ndugu yangu. Kama yuko harusini. Alipofika mbele aliweka mikono kiunoni, akamkagua Zakaria, akasema, "Jamani, mmempiga mpaka amekuwa biringanya. Pampu imetoka?"

Mtu mmoja akacheka. Baba yako akaendelea kusema kwamba huyu akichomwa, mahindi ya Gasper hayatakunywa majivu, na kwamba yeye anaijua pampu ile, ina kelele mbaya kama mke wake, aliyeiiba hatakwenda nayo mbali kabla watu hawajalalamika. Wakacheka zaidi, wakanigeukia mimi. Nikaona fimbo zikishuka. Nikaona mwanamke mmoja akifuta macho kwa kanga. Yule wa petroli akaliweka dumu chini. Kisha baba yako akasema jua limemchosha, anatafuta pa kupumzika, na akajilaza juu ya Zakaria, kifudifudi, miguu juu ya miguu, kama alivyojilaza juu yako ndani ya maziwa. Watu walicheka sana. Ilibaki kidogo, mwanangu. Ilibaki kidogo mno.

Gasper hakucheka. Kicheko kilikuwa cha wote isipokuwa yeye, na pampu ilikuwa yake peke yake. Nimewaza sana juu ya uso wake wa wakati ule, na nadhani masikioni mwake watu wote wale walikuwa wanamcheka yeye, mahindi yake, ng'ombe aliowauza. Na huko nyuma mtu aliyefika kwa kuchelewa, asiyejua kilichosemwa, akapaza sauti kwamba anayemkingia mwizi ni mwenzake. Gasper akainua nondo.

Pigo la kwanza lilimpata baba yako nyuma ya shingo. Nilisikia sauti ya pigo lile, na sitakuelezea. Aligeuza uso kumtazama Gasper, nadhani alikuwa na neno la kumwambia, na pigo la pili likamvunja taya. Baada ya hapo haikuwa Gasper tena. Ilikuwa watu wote. Wale wale waliokuwa wanacheka walirudi kana kwamba wanalipiza kisasi cha kuchekeshwa. Mawe, majembe, viatu. Yule mwanamke wa kanga alikuwa na jiwe. Sikuona mtu hata mmoja mwenye uso wa kishetani. Nyuso zilikuwa za watu wanaofanya kazi ngumu kwenye jua. Baba yako hakuondoka juu ya Zakaria. Walimvuta miguu, akang'ang'ania.

Nilimpiga Gasper kwa jembe. Nilikusudia kichwa. Aliinama kuvuta mguu wa baba yako, kwa hiyo likampata begani, mfupa ukatokeza nje, mweupe. Nilinyanyua tena. Nilihisi raha, Aika. Nakuambia kwa sababu utakwenda kuwa mbele ya watoto na fimbo mezani, na mkono wako umetoka kwangu. Katikati ya msiba wangu ule, jembe liliponasa kwenye mfupa wa mtu, nilihisi raha mpaka kwenye meno. Kisha mtu akanisukuma nikaangukia mfereji, nikanywa tope.

Nilipotoka, watu walikuwa wameanza kutawanyika. Namna hiyo, kama mvua inavyokatika. Zakaria alikuwa ametambaa kutoka chini ya baba yako, anajivuta kwenye matete, waya bado mikononi, na hakuna aliyemfuata. Walikuwa wameshapata cha kufanya, wakakifanya.

Gari dogo la kubebea mchanga lilitupeleka kuelekea Moshi. Nilikaa nyuma na kichwa chake mapajani. Taya lilikuwa limevunjika, ulimi umevimba. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila kitu, kwa ng'ombe, kwa nyati, kwa daktari, alikufa bila neno. Alishika kidole gumba changu, akakibana kila gari liliporuka kwenye shimo, na kabla hatujauona mji akaacha kukibana. Watu hupenda kuniuliza alisema nini mwisho. Sasa unajua. Wakikuambia alisema hivi au vile, usiamini.

Tulimzika hapa kihambani. Unakumbuka watu walivyojaa. Huenda hukumbuki kilichofuata, maana bibi yako alikuwa amekufungia chumbani. Prosper na vijana wa ukoo walikusanyika nyuma ya zizi wakinoa mapanga, lori limeshapatikana. Walikuwa wamepandwa na hasira, lakini hawakuijua nyumba ya Gasper. Hakuna kati yao aliyezoea Kahe. Prosper akanijia, mimi nikiwa na matope ya kaburi miguuni, akaniuliza.

Nilichukua kijiti nikawachorea vumbini. Hapa kalavati, hapa njia ya ng'ombe, hapa nyumba yenye mlango wa bluu. Nilichora vizuri. Nilichora hata mlango wa nyuma.

Gasper mwenyewe alikuwa hospitalini chini ya ulinzi wa polisi, na hilo nilikuwa nalijua. Walikwenda wakaichoma nyumba. Waliwakata mishipa ya miguu ng'ombe wawili waliobaki, wakawaacha wakijiburuta. Mama Neema alitoka na watoto kwa mlango wa nyuma, na Prosper alikuwa amemweka mtu pale kwa sababu nilikuwa nimeuchora. Yule mtu alimpiga Mama Neema kwa ubapa wa panga mgongoni akiwa na mtoto kifuani. Hakumkata. Ananiambia mpaka leo kwamba hakumkata, kana kwamba ananiletea zawadi.

Waliporudi walitaka nifurahi. Bibi yako alitoka ndani, mwanamke yule mdogo, amejifunga kaniki ya msiba, akawatazama wote na mapanga yao, kisha akanigeukia mimi. Hakupaza sauti. Akasema, "Mwanangu amekufa akiwa amemlalia mtu. Nyie mmekwenda kumlalia nani?" Akarudi ndani. Hakunitamkia neno jingine mpaka mavuno ya kahawa, na hata hapo ilikuwa kuniomba chumvi.

Gasper na wenzake kadhaa walifungwa. Baba yako mdogo Prosper naye alifungwa kwa kuchoma nyumba. Ile safari ndefu tuliyokuambia ya kutafuta kazi, ilikuwa hiyo. Mimi hakuna aliyenishtaki. Mchoro wa vumbini haupelekwi mahakamani. Nilibaki hapa nakulea, nachuma kahawa, napeleka maziwa, na ndani yangu kulikuwa na mtu mmoja tu niliyemtaka, naye siyo Gasper. Nilimtaka Zakaria. Nilijiuliza kila siku kama aliiba au hakuiba. Nilimwomba Mungu iwe hakuiba, ili kifo cha baba yako kiwe na bei inayoeleweka.

Nilimwona kule Tarakea. Ulikuwa umeshaanza sekondari. Nilikuwa nimekwenda sokoni kununua maharage, siku ya gulio, watu wa huku na wa Kenya wamejazana, mikokoteni inagongana. Alikuwa anasukuma mkokoteni wa viazi. Alikuwa amenenepa kidogo. Juu ya magunia alikuwa amemkalisha mtoto wa kike, aliyemshika masikio kama usukani, na Zakaria alikuwa anacheka bila meno.

Sikumbuki nilivyomfikia. Nilimpiga kofi, nikampiga jingine, nikamkwaruza usoni, nikamshika shati nikampigiza kwenye mkokoteni mpaka gunia likadondoka viazi vikamwagika barabarani. Mtoto akaanza kupiga kelele. Zakaria alinitambua. Aliniita Mama Aika, akashusha mikono yake yote miwili, akaiacha ining'inie. Nikaendelea kumpiga.

Na watu wakaanza kusogea. Niliwasikia kabla sijawaona. Mchuuzi wa mitumba akaacha meza yake. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki, akashuka, akaokota jiwe, hata hakulitazama, mkono wake ulilijua lenyewe. Wakafanya duara. Mwanamume mmoja mtu mzima, mwenye baraghashia safi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, amekuibia?"

Ilikuwa imebaki kwangu, Aika. Neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni, na lilikuwa kweli, hilo ndilo nataka ulijue, halikuwa hata uongo. Zakaria alikuwa ananitazama kwa lile jicho lake zima. Hakunisihi. Alimnyanyua mtoto kutoka kwenye magunia akamweka chini, mbali kidogo na yeye, kama mtu anayeweka kando kitu kisivunjike.

Nikasema, "Hapana. Ni shemeji yangu. Tumegombana mambo ya nyumbani."

Wakacheka. Yule wa bodaboda akatupa jiwe, akasema akina mama wa Kichagga ni hatari. Nilicheka nao, mwanangu. Meno yangu yalikuwa yanagongana, nilikuwa nimelowa jasho mpaka kwenye viatu, na nilicheka kwa sauti kubwa na kusema jambo fulani la kipuuzi kuhusu mashemeji, sijui nini, nikaendelea kusema mpaka nilipomwona wa mwisho amegeuka. Ndipo nilipomwelewa mume wangu. Kumbe haikuwa wepesi. Kumbe ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba magogo, na aliifanya kila siku mbele yangu nikaidharau.

Tuliokota viazi pamoja. Nilimuuliza. Akasema ndiyo, niliiba, nikaiuza Himo. Alisema hivyo akiwa ameshika kiazi, bila kunitazama. Nilikuwa nimesubiri jibu hilo miaka, na lilipokuja halikubadilisha uzito wa chochote. Yule binti alikuwa amejificha nyuma ya gurudumu ananichungulia. Sikumkumbatia, sitaki kukudanganya. Nilinunua maharage yangu nikapanda gari.

Sasa wewe. Gasper alitoka gerezani, yuko Kahe, analima kwa mkono mmoja. Mtoto wake wa mwisho, nimeulizia, yuko katika shule hiyo unayokwenda. Utasoma jina lake kwenye mahudhurio. Sikuambii umsamehe Gasper. Mimi mwenyewe sijui kama nimemsamehe, kuna siku naamka nikiwa nimemsamehe na kufikia saa ya kukamua msamaha umeshapotea. Na siku ukisikia ile kelele niliyokueleza, sijui nikushauri nini. Kama mama yako nakuambia ingia ndani, funga mlango, kaa chini ya meza. Kama mke wa Evarist siwezi kuandika hivyo. Nimekaa na kalamu mkononi kitambo hapa, na bado siwezi. Utaamua wewe, na vyovyote utakavyoamua mimi sitakulaumu.

Nasikia gari linapanda kona ya chini, mnarudi. Nimalizie jambo moja.

Tangu siku ile sijawahi kushuka Kahe. Umekuwa ukisema Prosper atakupeleka peke yake, nami nimekuwa nikinyamaza. Kesho nakwenda nanyi. Nimekata jani la sale pale uani, nimelifunga fundo, liko kwenye beseni la maji lisinyauke. Wewe unajua kwetu mtu akipelekewa jani hilo hawezi kufunga mlango kabla hajasikiliza. Kama Mama Neema naye analihesabu hivyo, sijui. Mkiishateremsha godoro, mwambie baba yako mdogo anisubiri garini. Mlango wa bluu haupo tena, lakini njia ya kwenda kwake ninaijua, na nitaitembea kwa miguu.

Mama yako, akupendaye kwa mkono huu huu.